Farasi Aitwaye Meso

Jumapili baada ya adhuhuri Koulsoum, mtoto wa miaka kumi, alimsugua farasi wake jike kwa gunzi la muhindi, akamnywesha maji ya pumba, kisha akamsaidia mjomba wake Youssoufa kumfunga kwenye gari dogo la magurudumu mawili. Farasi yule alitoka kisiwa cha Nosy Be, kwenye shamba la milangilangi, miti ya maua ya manukato, ambako mama yake Koulsoum, Sittou, alikuwa mpishi. Uhuru ulipokuja, mwenye shamba alirudi kwao Ufaransa, akamwachia mtoto farasi kwa kuwa ndiye aliyemlea kwa chupa.

Jina lake lilizaliwa kwa kutosikilizana. Siku ya kuandikishwa kwenye kiwanja cha mbio za farasi mjini Mahajanga, karani aliuliza jambo kwa Kimalagasi. Youssoufa alidhani anaulizwa atamleta lini farasi, akajibu kwa Kikomoro, "Meso," yaani kesho. Karani, ambaye kwao meso ni kisu, aliona jina limemkaa vizuri farasi mwembamba, akalichora ubaoni kwa rangi ya mafuta. Farasi mwenyewe alilichukua kwa maana ya Kikomoro.

Katika mbio zile farasi huenda mchakamchaka. Anayechomoka kwa shoti hutolewa. Meso hakuchomoka. Alifika kona ya mwisho akiongoza. Wenzake wakatokea upande wa pili, yeye hakutokea, wala gari, wala Youssoufa. Watu wakampigia makofi aliyeshinda, wakaenda zao. Nyumbani, mtaa wa Mahabibo, Sittou alifunika sahani ya kaka yake kwa kawa, akasema ataila kesho.

Jumatatu, saa ile ile, Meso alitokea konani kwa mchakamchaka, akakata mstari mbele ya Koulsoum na mbuzi wachache. Youssoufa aliuliza watu wako wapi.

"Walikuwepo jana, mjomba," alisema Koulsoum.

Mwenyekiti wa chama cha mbio, bwana mpole sana, hakuwa na neno na farasi. Kilichomkera ni mwenye farasi. Nchi sasa ni huru, alieleza, na mwenye farasi sharti awe na cheti cha uraia. Kisipopatikana kabla mwezi haujaisha, farasi ataandikwa kwa jina la mwenyekiti, naye alikwisha kumchagulia jina jingine, la Kifaransa.

Babu yake Koulsoum alizikwa Mahabibo, na baba yake pia. Karani wa ofisi ya vyeti alitazama leso ya Sittou, akasema, "Nyinyi watu wa Komoro. Njooni kesho." Walirudi, wakaambiwa kesho. Wakarudi tena na tena, mwezi ukawa unakwisha. Koulsoum alimpenda farasi wake kuliko chochote alichokuwa nacho, na chakula kilianza kumshinda.

"Mama," alisema, ilipobaki siku moja, "kama wanachotaka ni kesho, tunaye wa kutufikisha."

Sittou alifunga leso yake vizuri, akapanda garini kando ya bintiye. Waliondoka mlangoni mwa ofisi, wakazunguka mtaa mara moja, na walipokata kona ya mwisho ilikuwa kesho. Muuza sambusa aliwasalimu, akalalamika kwamba jana walimpita bila kuitikia.

"Kesho," alisema karani, bila kuinua kichwa.

Koulsoum alimweleza kwamba kesho ndiyo hii. Karani alichungulia dirishani, akamwona Meso anatoka jasho, akakubali kuwa ni kweli.

"Hii ni ya wengine," alisema. "Yenu njooni kesho."

Jumapili iliyofuata, ubaoni mlikuwa na jina jipya. Farasi alikata mstari akiwa wa kwanza, siku ile ile, na mwenyekiti akapokea kikombe. Koulsoum alilia njia nzima hadi nyumbani, mama yake hakumnyamazisha.

Jumatatu alikwenda kiwanjani na ndoo ya pumba, akasimama konani akimngoja Meso mpaka mbuzi wakaswagwa nyumbani.