Boksi Kumi na Tatu

Fomu yangu ilikuwa imerudi mara mbili na pengo lilelile. Darasa la jioni lilitaka cheti cha shule ya msingi, na changu kiliungua pamoja na nyumba ya baba. Asiye na cheti aliachiwa mstari mmoja, mwalimu wa hesabu aeleze kwa nini apokelewe.

"Nitaandika nini, fundi?" mwalimu aliniuliza, bila ubaya wowote. "Mimi najua vigae vyako tu."

Mwisho wa kupokea fomu ulikuwa Ijumaa, saa kumi na moja.

Ijumaa hiyo mimi na dada tulikuwa tunamalizia ukumbi wa shule yenye darasa hilo. Dada hukoroga saruji, mimi hupanga vigae, na kuongea ni kazi yake peke yake. Mlango wa chumba alichofundishia mwalimu yule ulikuwa wazi. Ubaoni mwalimu alikuwa ameandika moja, moja, moja, mwanzo hadi mwisho wa ubao.

"Hizi moja ziko tisini na moja," aliwaambia wanafunzi. "Idadi yake ingegawanyika, namba nzima nayo ingegawanyika. Lakini tisini na moja ni tasa. Basi nimejaribu kuigawa kwa tatu, kwa saba, nikapanda hadi arobaini na saba. Wapi! Nadhani nayo ni tasa."

Dada akasimamisha koleo. Neno hilo aliwahi kuitwa na mama mkwe wake, mbele ya wageni.

"Mdogo wangu, kumbe hata namba zinasemwa?"

"Ni jina tu, dada. Namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Na huyu kaipimia wapi?"

Nilicheka, kisha namba ile ikanirudia. Tisini na moja. Nilitazama ukingo wa chini wa ukuta tuliobandika asubuhi. Ulikula vigae tisini na moja: boksi kumi na tatu, kila boksi vigae saba, hakikubaki hata kimoja. Maboksi matupu yalikuwa bado pale. Niliyahesabu mara mbili.

"Nikimkosoa mbele ya wanafunzi wake, atanisainia nini?" nilimnong'oneza dada.

"Na usipomkosoa, amekusainia nini?"

Niliingia na vumbi langu.

"Vipi, fundi, tuhame?" mwalimu aliuliza. Darasa likacheka.

"Hapana, mwalimu. Naomba chaki."

Sikusema kwamba kakosea. Nilipiga mstari wima kila baada ya moja saba, kama ninavyoacha nafasi kati ya kigae na kigae. Vikatoka vipande kumi na tatu, vyote sawa.

"Kila kipande ni moja saba," nilisema. "Basi moja saba zinaigawa namba nzima. Jibu ni moja, sufuri sita, moja, sufuri sita, mpaka moja ya mwisho. Hakuna baki."

Mwalimu alivihesabu vipande kwa kidole.

"Saba mara kumi na tatu," alisema polepole. "Na mimi nafundisha mwaka wa kumi na tisa huu!"

Akachukua chaki, akajaribu namba tasa inayofuata baada ya pale alipochoka: hamsini na tatu. Alipoishusha moja ya kumi na tatu, baki ikaisha. Kumbe alikuwa ameacha hatua moja tu kabla. Alicheka hadi akakaa juu ya meza.

"Lete fomu, fundi."

Katika ule mstari aliandika: *91 = 7 × 13. Amenifundisha yeye.*

Dada alikuwa mlangoni, koleo mkononi.

"Kwa hiyo si tasa, mwalimu?"

"Si tasa, dada yangu. Mimi ndiye niliyeharakisha kuiita hivyo."

Dada aliegemeza koleo ukutani. Kisha akanigeukia.

"Umesimama nini? Saa kumi na nusu hii! Kimbia, vigae nitapanga mimi."

Hajui kupanga vigae. Nilikimbia.