Mwezi Bila Ubani

Mke wangu Mwanapili alikufa akikohoa. Mashine ya kusaga mawe iko nyuma ya nyumba yetu hapa Msambweni, na vumbi lake tulikuwa tukilila pamoja na ugali. Wakubwa wa serikali walisema hakuna ushahidi kwamba ni vumbi lililomuua.

Ndipo akaja Kamene, binti wa Kikamba kutoka chuo kikuu, na kidude cha kupima hewa. Ndani, alinieleza, mna nyuzi nyembamba mno, hata jicho haliwezi kuziona. Vumbi au moshi ukitua juu yake, umeme unaopita humo hubadilika. Na umeme wenyewe ni haba, kijipande cha sola chatosha.

Nikamwambia, "Kitundike hapo alipokuwa akilala marehemu."

Arubaini yake ikafika, siku ya Ijumaa. Wanawake wakasoma hitima, ubani ukafuka nyumba nzima. Hakuna aliyekumbuka kidude. Hata mimi.

Barazani, bwana mkubwa akainua karatasi ya vipimo. "Siku iliyochafuka kuliko zote ni Ijumaa hii, na mashine ilikuwa imezimwa. Mzee, ulikuwa wamfukiza nani, majini?"

Watu wakacheka. Hata wale niliowazikia wazazi wao.

Kamene akanifuata nje. "Mzee, nipe mwezi mmoja bila ubani. Na chakula upikie kwa jirani. Kikipima vumbi tupu, watakosa la kusema."

Alhamisi akaja Twaiba, dada wa marehemu, na chetezo chake kama kila wiki. Nikamzuia mlangoni.

"Shemeji, wanizuia nisimfukizie dadangu?"

"Mwezi tu, Twaiba. Twamtafutia haki yake."

"Haki, kwa hao? Akiwa hai mlimlisha vumbi, leo wamnyima hata harufu nzuri!" Akamwaga makaa mchangani, akaenda zake.

Mwezi ukaisha. Mstari wa vipimo ulipanda kila mashine ilipowaka, ukashuka ilipozimwa. Hata mimi wa darasa la tatu niliuelewa. Bwana mkubwa akausifu sana. Kisha akasema kidude kimoja hakitoshi, vyatakiwa vingi, na bajeti.

Mashine yasaga hadi leo. Nilikwenda kwa Twaiba kumwomba arudi amsomee dadake. Alikuwa akichambua mchicha, hakuinua uso.

"Namsomea hapa kwangu, shemeji. Huko kwako hana mtu tena."