Galaksi Iliyosubiri Muhuri

Mwalimu Mwanvita ndiye aliyeiona kwanza, na anayebisha na abishe. Alifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari huko Matombo, na kila Jumamosi alipanda kilimani kwenye migomba iliyo nyuma ya nyumba za walimu, mahali pekee penye mtandao wa kueleweka, akafungua picha za anga zilizopigwa kwa mawimbi ya redio. Wataalamu walikuwa na maelfu ya picha hizo, wakaomba watu wa kujitolea wawasaidie kuzikagua. Walimu wenzake walimcheka, wakamwita Mama Sayari.

Jumamosi moja aliona mawingu mawili, moja pembeni huku, jingine pembeni kule. Waliomtangulia walikuwa wameandika: vitu viwili tofauti. Tofauti wapi! Mwanvita alikodoa macho mpaka yakamtoka machozi, akaona uzi mwembamba ukitoka kwenye kila wingu na kuja kukutana kwenye galaksi moja ndogo katikati. Kumbe ni kitu kimoja, galaksi ya redio, tena jitu. Shimo jeusi la katikati yake lilitema mikondo miwili, mmoja upande huu na mwingine upande ule, na kwa hesabu yake mwanga ungechukua miaka milioni tisa kutoka ncha hadi ncha. Alipiga kigelegele peke yake mgombani.

Akaacha maoni mafupi chini ya picha, na msimamizi wa mradi ule, Daktari Jesca, alimjibu siku ileile. "Mwalimu, umeua! Nitumie vipimo vyako kabla ya tarehe thelathini, jina lako liingie kwenye makala ya ugunduzi."

Jina lake! Mwanvita hakutaka kingine duniani. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeanza, na vipimo vilikuwa tayari kwenye simu. Ilikuwa kubonyeza tu.

Lakini mtumishi wa umma ni mtumishi wa umma. Kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuandika barua, hata ya kuomba ruhusa ya msiba, bila kuweka "Kupitia kwa Mkuu wa Shule". Aliona kuwatumia watu wa nje vipimo kimyakimya ni kujitafutia balaa. Akachapa barua ya kuomba kibali, akaambatanisha vipimo, akaipeleka ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba." Mwalimu Ignas, mkuu wa shule, aliigeuzageuza ile barua. "Hili jambo kubwa, Mwalimu. Limenizidi kimo. Ngoja nilipandishe juu."

Likapanda. Wiki ya pili likarudi, eti halina kumbukumbu namba. Likapanda tena. Wiki ya tatu mwenye kusaini alikuwa kwenye semina. Kila Mwanvita alipouliza aliambiwa bado, avute subira. Tarehe ishirini na tisa alikaa mgombani simu mkononi, kidole juu ya kitufe, akaogopa. Aliogopa nini, jamani? Hata mwenyewe hakujua. Akaizima simu, akarudi nyumbani kupika.

Mwezi uliofuata makala ikatoka. Jitu lilelile, mikondo ileile, jina la mtu mwingine aliyeliona wiki mbili baada yake. Daktari Jesca akamwandikia: "Tulikusubiri mpaka dakika ya mwisho, dada yangu. Kibali cha nini? Mradi huu ni wa kila mtu, hata watoto wa shule wanatuma." Mwanvita aliyasoma maneno hayo mara mbili. Alilia kwa hasira, na wala hakuwa na hasira na Ignas wala na hao wa juu. Alijichukia mwenyewe.

Alhamisi Ignas akamwita ofisini, uso umemchangamka. Barua ilikuwa imerudi, ina mihuri miwili na sahihi ya wino wa buluu: ombi limekubaliwa.

"Umeona?" alisema Ignas. "Mimi si mtu wa kukuangusha."

Mwanvita alikuwa na maneno mengi ya kumwambia. Aliipokea barua kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

"Asante sana, Mkuu," akasema.