Koti Lililoitwa Kovu

Mama Jicho alilishika koti kwa mikono miwili, mmoja kwenye kola, mwingine kwenye bega, akavuta. Wala hakuvuta kwa nguvu. Mshono uliachia wenyewe, trrr, na kitambaa kile cha sufu nyeusi, kizuri cha kupendeza macho, kikabaki kimeachama.

Akalitundika pembeni, akachukua la pili. Trrr. La tatu likavumilia kidogo, nalo likaachia. Alipofika la kumi, mafundi wote walikuwa wamenyamazisha cherehani zao, wanamtazama kwa kuibia.

"Mmeshonea uzi gani?" aliuliza.

Fundi wa cherehani ya kwanza, mwanamke mnene aliyeshinda na futi shingoni kutwa nzima, akamnyooshea. "Huu hapa. Ulikuja wiki mbili zilizopita. Tulipoulizia ule wa zamani, tukaambiwa ni uleule, umebadilishwa sura tu."

Mama Jicho alikata kipande, akakizungusha kidoleni. Kikakatika kabla hajaanza kuvuta vizuri.

Kampuni ile ilitengeneza mavazi ya kifahari, ya watu wanaoingia dukani bila kuuliza bei, na kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa mkaguzi wa mwisho. Jina la Mama Jicho walimpa mafundi, nusu kwa heshima, nusu kwa hofu, maana kifungo kikikaa upande kwa unene wa ukucha tu, alikiona akiwa bado mlangoni. Hakuna vazi lililopanda juu dukani asipolipitisha yeye. Na sasa makoti mia na ishirini yalikuwa yametundikwa kwenye henga, yanamngoja, uzinduzi ulikuwa siku nne mbele, mialiko imeshatumwa, na filamu ya tangazo imeshaonekana kila kona.

Alipanda ngazi kwenda kwa Bosi, roho juu juu.

Bosi hakuwa peke yake. Alikuwa na Redio, mkuu wa matangazo, amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, anazunguka nacho. Redio alikuwa mdogo wake Mama Jicho, tumbo moja. Jina hilo alilipata kabla hajaanza shule, kwa sababu hakunyamaza hata usingizini. Mama yao alipofariki, dada mtu ndiye aliyemlea, akamshonea sare ya kwanza ya shule kwa mkono, akamfundisha kushika sindano siku alipochoka kumtilia viraka. Hata kazi hapo alimtafutia yeye.

"Bosi, makoti hayafai," alisema kabla hata hajakaa. "Uzi ni mbovu. Yafumuliwe yote, yashonwe upya kwa uzi wetu wa zamani."

Bosi, mwanamke wa maneno machache, alitazama kalenda ukutani. "Uzi wa zamani tukiagiza leo, utafika lini?"

"Baada ya siku kumi."

"Basi tuuhesabu kwamba haupo."

"Nani aliubadilisha?"

Bosi alihamisha kalamu kutoka upande mmoja wa meza kwenda mwingine. "Filamu ilikula hela nyingi. Na masanduku. Ilibidi tubane mahali."

Masanduku! Kila koti lilikuwa na sanduku lake lenye kufuli dogo na mahameli ndani, utadhani linabeba vito.

Redio alikuwa kimya, kiti kimesimama, na Redio akinyamaza ujue kuna kinachopikwa. "Dada," alisema hatimaye, "ukilishona kwa mkono, juu ya mshono ule ule wa bega, litashika?"

"Kwa uzi mnene wa kudarizi, litashika kuliko mwanzo. Ila mshono utaonekana."

"Acha uonekane. Tena tuweke mwekundu!" Akainuka, akaanza kutembea chumbani. "Koti lililoumia, likapona. Kila moja limeponywa na mkono wa mtu. Tunaliita Kovu."

Bosi aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu.

Mama Jicho hakulipenda jambo lile. Aliligeuza huku na huku akitafuta pa kulikatalia, lakini kila alipoligeuza alikuta kitu kilekile: bega litashika. Akakubali. Siku nne yeye na mafundi wakashona kwa mkono hadi vidole vikaota sugu mpya juu ya zile za zamani. Redio akaleta vikadi vya kutia mfukoni mwa kila koti, vimeandikwa *Limepita mikononi mwangu*, na chini pengo la saini. Mama Jicho akasaini vyote mia na ishirini.

Siku ya uzinduzi makoti yaliisha kabla ya saa sita mchana. Mama Jicho alisimama nyuma ya pazia la duka, akamwona mwanamke mmoja akipapasa ule mshono mwekundu huku machozi yanamlengalenga, akimwambia mwenzake kwamba unamkumbusha upasuaji wake. Angepaswa kufurahi. Badala yake kitu kikaanza kutembea ndani yake, na hakikukaa tena. Mama yule alinunua koti, au alinunua maneno ya Redio? Ule uzi mwekundu ungepitishwa kwenye gunia, si angelia vilevile?

Tangu siku hiyo hakutulia. Alikuwa anatoka kazini, badala ya kwenda nyumbani anazunguka mitaani akitafuta mabega. Siku moja alimfuata mwanamke mwenye Kovu mitaa mitatu mizima, na waliposimama kuvuka barabara akainama kidogo achungulie kwapani. Mwanamke akageuka.

"Wewe mama, unaninusa?"

Mama Jicho aliondoka mbio kwa aibu, umri ule, na mkoba unampigapiga mgongoni. Nyumbani chakula kilimpoa mbele. Asubuhi moja mumewe alimkamata mkono.

"Mke wangu, unatafuta nini kwenye shati langu? Nimelivaa!"

Akajikuta kweli, vidole viko kwenye mshono wa bega la mume, vinavuta.

Mwezi haujaisha, oda mpya ikaja, mara tatu ya ile ya kwanza. Henga zikajaa tena. Mama Jicho akashika la kwanza, akavuta. Trrr. Safari hii hakwenda kwa Bosi, alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

"Redio, uzi ni uleule!"

"Si mnaponya?"

"Tunaponya bega! Na kwapa je? Na ubavu? Na bitana?"

"Dada, kwapa halipigwi picha."

Alimtazama. Redio akaacha kuzunguka na kiti, akateremsha sauti. "Nisikilize. Tumeshawaambia watu kwamba kila koti lilifumuka kweli. Tukishonea uzi mzuri, si ndipo tutakuwa waongo?"

Mama Jicho akageuka kuondoka. Alirudi chini, akashona mabega, akasaini vikadi, na kila saini ilitoka imepinda kuliko iliyotangulia.

Wiki hiyohiyo Redio akataka filamu nyingine, na safari hii alimtaka dada yake ndani yake. Wakamkalisha karibu na dirisha, sindano mkononi, koti mapajani. Walimpa na karatasi yenye maneno ya kusema: kitu kuhusu majeraha, kitu kuhusu subira.

"Mama, kwa nini Kovu?" aliuliza mpiga picha, kama alivyoelekezwa.

Mama Jicho aliisoma ile karatasi, akaikalia.

"Kwa sababu uzi ulikuwa mbovu," alisema. "Hakuna zaidi. Mabega tumeyashona upya, hayo nayasimamia. Kwingine siwezi kuapa. Likikufumukia, niletee mimi. Niko chini, mlango wa nyuma, kila siku ya kazi. Nitalishona."

Aliinuka, akateremka, akaanza kukusanya mkasi wake, miwani na kikombe cha chai kwenye mkoba, akijua kazi yake hapo imekwisha. Alikuwa anamalizia kufunga zipu aliposikia miguu ikishuka ngazi kwa kishindo. Redio alimkumbatia nusura amwangushe.

"Dada, umeua! Umeua kabisa! Haikatwi hata neno moja!"

Na kweli haikukatwa. Filamu ikatoka vilevile, na watu wakaipenda kupita zote. Hatimaye kampuni inayosema ukweli, waliandika. Oda zikaongezeka maradufu. Mama Jicho alikwenda kukaa stoo kati ya majora ya vitambaa, akijiona kama mtu aliyepiga kelele za mwizi, watu wakampigia makofi.

Angeweza kuacha kazi siku ile. Mumewe alimwambia aache. Lakini alikuwa ameshasema yuko chini, mlango wa nyuma, kila siku ya kazi, na mtu hawezi kusema hivyo kisha akakaa nyumbani.

Wa kwanza alikuja Jumatatu asubuhi. Alikuwa mwalimu wa kwaya, mwanamume mrefu wa sauti nzito, amelikunja koti lake kwa adabu kama anarudisha kitabu cha watu.

"Samahani, mama. Wewe ndiye uliyesema tulete?"

"Ndiye mimi. Limefumuka wapi?"

"Nilisimama mbele ya ukumbi mzima, nikanyanyua mikono kuanzisha wimbo. Makwapa yote mawili yakaitikia kabla ya kwaya."

Mafundi walicheka hadi mmoja akajichoma sindano. Mama Jicho naye alicheka, kicheko cha kwanza baada ya wiki nyingi, huku akishona makwapa yale mawili kwa mkono wa haraka. Lakini mwalimu wa kwaya alikuwa bado hajatoka mlangoni akaingia mwingine, ubavu umeachia. Kisha mwingine, bitana imening'inia kama ulimi. Jumanne walikuwa kumi na wawili. Alhamisi foleni ilitoka mlango wa nyuma, ikakunja kona, ikapita mbele ya vioo vya duka ambako Kovu jipya lilikuwa linang'aa chini ya taa.

Redio aliteremka na kamera yake, macho yanamwaka. "Jamani, tazameni! Watu wenyewe, na dada mwenyewe! Hii hatungeweza hata kuitunga!"

"Weka hiyo chini," Mama Jicho alisema.

"Dakika mbili tu, Dada."

"Nimesema weka chini. Sindano zile pale. Nilikufundisha, au nilikuwa nacheza?"

Redio alitazama kamera, akatazama foleni. Mbele kabisa alikuwa mama mtu mzima ameshika koti la bintiye, na alikuwa anamtazama Redio bila hasira yoyote, anasubiri tu. Redio akaiweka kamera juu ya meza, akavuta kigoda. Uzi ulikataa kuingia tunduni mara nne. Ya tano ukaingia.

Walikuwa katika hali hiyo Bosi alipotokea. Alikuwa amevaa Kovu.

"Fungeni mlango," alisema. "Waambieni warudi wiki ijayo. Foleni imefika mbele ya duka."

Mama Jicho hakuinua kichwa. "Nilisema kila siku ya kazi, Bosi. Leo ni siku ya kazi."

Mzee mmoja kwenye foleni, asiyejua anaongea na nani, alimgeukia Bosi kwa huruma. "Na wewe mwenzetu, lako limeachia wapi?"

Bosi aliubana mkono wake ubavuni haraka, kama mtu aliyepigwa na baridi. Akaangalia watu waliokuja kwa magari makubwa na waliokuja kwa miguu, wote wamebeba makoti yake mikononi. Kisha akapanda juu. Jioni haijafika, uzi wa zamani ulikuwa umeagizwa, na makoti yote ambayo hayajauzwa yakashushwa kutoka dukani kuja kufumuliwa.

Mafundi walipiga vigelegele. Mama Jicho hakuvipiga. Hakujua Bosi ameona aibu au ameona hatari tu, na alishajua kwamba hataambiwa.

Redio alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, ametobolewa vidole, anaramba damu. Koti lake la tatu lilikuwa limeshika vizuri. Dada yake alilivuta, akaliweka upande wa yaliyopita bila kusema kitu, na Redio akanyooka mgongo kama mtoto aliyepata alama nzuri.

"Dada, nataka kuandika kwamba tunabadilisha uzi."

"Usiandike. Waache wavae, wataona wenyewe."

"Hawa wataona. Lakini ambao hawajanunua, nisipowaambia watajuaje?"

Mama Jicho alikata uzi kwa meno, akatazama mlangoni. Nje kulikuwa na watu tisa bado.

"Anayefuata," aliita, na mama mmoja akaingia, koti mkononi, akianza kueleza kabla hajafika mezani.