Mwenye Mji Aonje Kwanza

Epifania alikuwa na desturi iliyowachosha wajukuu zake. Kila alfajiri, kabla moto haujawashwa, alipiga magoti nyuma ya jiko akamkabidhi Mungu siku nzima, kitu kimoja kimoja: jembe, maharage, ulimi wake, wanaompenda na wasiompenda. Akipalilia aliomba, akianika muhogo aliomba. Wajukuu walisema kuku wa bibi hawatagi mpaka waseme amina. Na tangu aokoke, pombe haikupita mdomoni mwake wala langoni mwake.

Leo langoni ilikuwa imepita. Mtungi wa pombe ya ndizi ulikaa katikati ya uwanja wake, hapo kijijini Kagerankanda, Kasulu, mrija umechomekwa ndani, na watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

Walikuja kumposa Consolée, mjukuu aliyemlea tangu akiwa wa kunyonya. Mposaji alikuwa Pacifique wa ng'ambo ya kijito. Pombe ililetwa na Venanti, shemeji yake Epifania na msemaji wa ukoo. Aliipikia kwake kwa kuujua msimamo wa mlokole wao, akadhani ataionja yeye mwenyewe, wageni watakunywa, na maneno yataendelea. Maana huko kwetu pombe haigusi mdomo wa mgeni kabla mwenye mji hajavuta mrija wa kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu ndani.

Venanti alipoinama kuvuta, Mzee Ntirampeba aliuzuia mrija kwa fimbo yake. Huyu ni baba mkubwa wa Pacifique, alifika asubuhi ile kutoka Muyama, na uso wake haukuwa wa posa.

"Mji huu si wako, Venanti. Aonje mwenyewe."

Kila mtu alijua anachokisema. Harerimana, baba yake Pacifique, alikunywa kwenye uwanja huu huu enzi za marehemu mume wa Epifania, na kulipokucha hakuamka. Hospitali walisema ini. Vijijini walisema lingine.

Epifania alieleza polepole kwamba yeye hanywi, na kwamba maji ya ndizi yasiyochacha yapo, atayaonja mbele yao hata kibuyu kizima. Mzee akajibu kwamba hakuja kunywa uji wa watoto. Venanti alimsogelea shemeji yake akamnong'oneza avute kidogo tu, atatubu kesho, Mungu hana haraka. Mlangoni Consolée alisimama na kitenge chake kipya, macho yake yakimwomba bibi.

Hilo ndilo lililomchoma moyo. Mvuto mmoja tu, na mtoto aolewe. Epifania alikohoa, akajikuta ameshika ncha ya kitenge chake kwa nguvu kama anayetaka kuichana.

"Kitendawili," alisema.

Wazee walitazamana. Mmoja akacheka kidogo, kisha desturi ikawashinda wakaitikia, "Tega."

"Shamba nimeliuza, na kila siku nalilima."

Walijaribu. Kaburi. Mtoto wa kike. Ntirampeba hakujaribu chochote. Mwishowe Venanti, jasho likimtoka, akampa mji, "Chukua Kibondo."

"Kibondo nilikwenda, nikala, nikashiba, nikarudi Kasulu," alisema Epifania. "Shamba ni mimi. Nilimpa Mungu, mikono na mdomo. Bado nautumia mdomo huu kila siku, ila si wangu tena. Mzee, nikiurudisha leo kwa kukuogopa wewe, kesho nikikuambia nimekupa mjukuu, utaniaminije?"

Mzee Ntirampeba aliinuka. Alisema anayeikataa pombe ya mji wake mwenyewe ameshajibu, akawaashiria watu wake waondoke. Pacifique alibaki amekaa, akaitwa mara ya pili, akainuka. Consolée akageuza uso ukutani.

Ndipo Félicité, mama yake Pacifique, mjane wa Harerimana, alipovua kandambili zake, akapiga magoti mbele ya mtungi na kuushika mrija.

"Shemeji yangu, weka hiyo chini," alisema Ntirampeba.

Akavuta. Akavuta tena, mashavu yakabonyea. Kisha akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Njia yangu ya shambani inapita nyuma ya jiko hili," alisema. "Alfajiri huyu mama hanioni, mimi namsikia. Anawaombea wanangu kwa majina, hata yule wa mwisho ambaye majirani hawalijui jina lake. Aliyeua baba asingewaombea watoto gizani, mahali pasipo na wa kumsifu."

Epifania hakujua kamwe kwamba anasikiwa. Aliinamisha kichwa kwa aibu.

Watu wakangoja. Wengine walimtazama Félicité miguu, kama ataanguka. Hakuanguka, alidai karanga. Ntirampeba alisimama mpaka jua likamchosha, akarudi, akakaa, akavuta mrija kwa muda mrefu.

"Ulimi wangu ndio uliochacha," alisema. "Haya, tuzungumze ng'ombe." Halafu, bila kumtazama Epifania: "Na wewe mama, ukitaja hayo majina yako, ongeza na langu."

"Lako limo siku nyingi, mzee," alijibu Epifania. "Ila nalitaja la mwisho, magoti yakiwa yameshaanza kuuma."