Hatua za Patasi kwenye Mwamba

Saa nne asubuhi mpiga plasta wa machimbo, mwenye kazi ya kutoa nakala za nyayo, alikuwa amepiga magoti ndani ya unyayo wa dinosaria, anasugua mchanga kwa brashi ya nguo. Unyayo ulikuwa mpana kama beseni la kufulia, wa arobaini na moja tangu baruti ing'oe tabaka la juu wiki ile. Baada ya wa arobaini na mbili, majitu hayo yenye kula majani yalikuwa yamepinda kulia, makubwa kwa madogo, yakikwepa kitu.

Kitu chenyewe kilikuwa kaka yake.

Aliijua soli ya kiatu iliyoacha alama pale. Yeye ndiye aliyeitia kiraka cha tairi kwa misumari mitatu, wa nne ukampotea mvunguni. Mitatu hiyo ilikuwa imejichora kwenye mwamba. Kaka mtu, mkata mawe waliyemwita Patasi, alitoweka mwaka jana siku ya mgomo. Kampuni iliandika kwamba ameacha kazi kwa hiari yake, na tangu hapo mama yao hakuwa na ombi jingine duniani ila apewe cha kuzika.

Mtaalamu wa nyayo akaja na utepe wake, akapima hatua kwa hatua kama alivyopima za wanyama.

"Huyu alikuwa anakimbia," alisema. "Hapa kapigwa mguu wa kushoto. Kuanzia hapa anauburuta."

"Na hapa?"

"Magoti. Viganja. Pole, dada. Hiki kimekanyagwa kwa kisigino, mara mbili."

Alama za buti za walinzi wanne wa kampuni zilimzunguka pande zote. Kichwa kilipoangukia palikuwa na bonde la mapigo manane. Mtaalamu aliyahesabu akayaandika. Kisha michirizi miwili ya visigino ilielekea moja kwa moja kwenye mtambo wa kusaga kokoto. Mpiga plasta akaokota brashi yake, akaendelea kusugua.

Inspekta alifika, akatazama, akauliza umri wa mwamba.

"Miaka milioni mia moja na hamsini."

"Basi kesi imepitwa na wakati," alisema akifunga daftari. "Mshtakiwa gani atakuwa hai mpaka leo?"

Walinzi wanne walikuwa hatua kumi kutoka hapo, wanakunywa chai.

Msimamizi akaagiza nyayo za wanyama zizungushiwe uzio kwa ajili ya wageni, na kipande chenye nyayo za Patasi kikatwe vigae alasiri hiyo hiyo. Mpiga plasta alikoroga plasta nzito, akamimina kwenye magoti, viganja na lile bonde la kichwa, akasubiri ishike. Nyumbani, mama alivipapasa vidole vya plasta vilivyovunjika, kimoja baada ya kingine.

"Ni yeye," alisema. "Mtafutieni sanda."

Siku ya mazishi kampuni, ambayo haijawahi kupungukiwa na huruma, ilileta wabebaji wanne wa jeneza, buti zimepigwa kiwi zinang'aa. Mpiga plasta aliwatambua kwa alama walizoacha kwenye tope la mlangoni. Watu wakawapisha. Waliinua jeneza kwa mkupuo mmoja, wakatangulia.

"Amepungua uzito," mmoja alimwambia mwenzake.

Mama alisikia. Alikaza kitambaa chake cha kichwa akaendelea kuwafuata, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na mwanawe.