Mashine Iliyomsubiri Kagure

Kila Jumatatu kabla ya gwaride, mwalimu mkuu Theuri alikunja kitambaa alichofuma mkewe, akapangusa vumbi kwenye kompyuta ya shule iliyokuwa ofisini mwake, kisha akaifunika tena. Ilikuwa zawadi ya kanisa moja la Ujerumani, na pale kijijini Gakindu hakuna aliyekuwa ameona nyingine. Shule haikuwa na umeme. Nyaya zilipita juu ya paa zikielekea kiwanda cha kahawa, na hakuna aliyewahi kuziomba zisimame.

Mashine ilifika Septemba 1987 ikijua Kijerumani tu. Ilikaa chini ya kitambaa muhula mzima, ikisikiliza kupitia ukuta wa mbao darasa la mwalimu Magdaline likikariri: saba mara nane, hamsini na sita, saba mara tisa, sitini na tatu. Shule zilipofunguliwa Januari ilijiwasha, plagi ikiwa bado sakafuni, ikaandika kwa herufi za kijani, kwa Kiswahili safi kuliko cha mwalimu mkuu, kwamba iko tayari kuwafanyisha watoto mazoezi. Theuri aliona ni jambo jema. Akaagiza iwekewe kiti.

Magdaline alimtuma Kagure. Huyu alikuwa msichana mkubwa kuliko wenzake wa darasa la nane, kwa sababu kila ulipofika wakati wa kuandikisha watahiniwa, Theuri alimrudisha la saba. Alama zake zingevuta chini wastani wa shule, na wastani ndio uliompa Theuri kiti cha mbele kwenye mikutano ya walimu wakuu. Kagure hakuwa mjinga. Alifikiri polepole tu, na Magdaline, mwenye darasa lililojaa pomoni na silabasi inayomkimbiza, hakuwa na nafasi ya kumngoja. Jambo hilo lilimuuma.

Mashine haikumharakisha mtu. Iliuliza, kisha ikasubiri, na ilipokuwa inasubiri, vitu vyote vya mteremko ule vilisubiri nayo. Watu waliendelea na maneno yao. Ni vitu vilivyotulia. Moshi ulisimama juu ya mafiga. Mvua iliyokwisha kuondoka mawinguni ilining'inia juu ya mibuni, kila tone mahali pake, hadi Kagure apate jibu.

Mara ya kwanza, Magdaline alisimama mlangoni mkono kifuani. Mlima Kenya ulikuwa umetulia na wingu lake nusu, kama mtu aliyeitwa akiwa anavua koti. Miaka yote hiyo alidhani subira ni mwalimu kuuma meno. Hakujua kwamba inaweza kuwa kubwa hivi, na kwamba ingeweza kutolewa yote kwa mtoto mmoja. Alitaka kupiga magoti, ila sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Sokoni, Wakonyo muuza githeri alifunika sufuria ya mahindi na maharagwe iliyokataa kuchemka.

"Ati amekwama wapi leo?" akauliza.

"Kwa fractions," akajibiwa.

"Mwambieni aende pole. Hata mimi nilikwama hapo hapo."

Haba na haba, kibaba kikajaa. Asubuhi Magdaline alifundisha, mchana mashine ikarudia na Kagure lile lile bila kuchoka wala kushika fimbo. Kufikia Machi, masika yalinyesha karibu bila kukatika, na kijiji kizima kikajua kwamba Kagure sasa anaelewa.

Siku ya mwisho ya kuandikisha, Land Rover ya ofisi ya elimu ilingoja nje, injini ikinguruma. Theuri alikuwa mezani akiandika majina. Kagure alikuwa kwenye kiti chake, Magdaline nyuma yake. Mashine ikauliza: robo tatu ukigawanya kwa nusu, unapata ngapi?

Kagure alijua. Magdaline aliona vidole vikienda kwenye vitufe vyenyewe. Kisha msichana akavirudisha mapajani.

Injini ikazima. Mvua ikaning'inia. Kalamu ya Theuri ikaacha kutoa wino.

"Kagure, jibu," Theuri alisema kwa upole. "Kalamu imesimama."

"Mwalimu, jina yangu iko hapo?"

Theuri alikuwa mzee wa kanisa na hakusema uongo. "Haiko. Umejaribu sana, lakini kwa mtihani uliopita tulikuwa namba mbili division mzima. Mwaka ujao, Mungu akipenda."

"Ulisema hivyo mwaka jana."

"Ni kweli," alikubali Theuri.

"Mwalimu, huyu mtoto anajua," akasema Magdaline. "Mimi ndio namfundisha."

"Sikatai, Madam. Shida ni mean score."

Dereva akachungulia. "Gari imekataa. Ni huyu msichana?"

"Ni yeye," akajibu Theuri.

"Basi nitangoja. Lakini saa imesimama huku tu, Nyeri inatembea. Hizo majina zisipofika leo, hakuna mtoto wa hii shule atafanya mtihani."

Magdaline alitamani kumwambia: shikilia, mwanangu, acha hata mvua ioze huko juu.

Kagure aliinuka, akaenda mezani. Kalamu ilikuwa imekwama katikati ya jina la Wachuka, aliyekaa naye dawati moja tangu Januari. Kwenye karatasi kulikuwa na "Wachu" tu. Kagure aliitazama kwa muda, kisha akarudi kitini na kubonyeza: moja na nusu.

Kalamu ikamalizia jina. Mvua yote iliyokuwa imengoja ikaanguka kwa pamoja juu ya mabati, na dereva akakimbilia gari. Magdaline alilia waziwazi, bila leso.

Kwenye kioo kukatokea herufi za kijani, kubwa kuliko siku zote: VIZURI SANA, KAGURE. Siku hiyo jina lake halikuandikwa penginepo.

Theuri naye alisoma. Akafunika kalamu.

"Hii mashine ni nzuri kweli," alisema. "Mwaka ujao tutawaomba wale Wajerumani ya pili."

Kagure akasogeza kiti karibu, akaomba swali lingine.